Pengwini mu Lubumbashi: Linux, Windows ya krak, na mashini yenye mlango wazi

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa harakati, Lubumbashi, kikao cha Jumamosi. Tumeyaandika hapa kwa wale waliokosa kufika juu ya kukosa kuran, mega ao feza ya bisi.



Tunajua wengine wenu mmekuja mkifikiri tutaongea juu ya bei ya unga, mashimo ya barabara na kuran inayokatika. Musiogope, tutafika huko. Hapa kwetu hotuba yoyote, hata ya ndoa, inaishiaka kwa kuran. Lakini leo tunapita mlango mwingine. Tunataka kuongea juu ya mashini zetu, maana yake kompyuta, na zaidi juu ya ile programu kubwa inayoamsha mashini asubuhi na kuilaza usiku. Vitabu vinaiita mfumo wa uendeshaji. Sisi tutaiita sistemi, vile tunasemaka kila siku.

Tuanze na uchunguzi mdogo. Mwenye kutumia Windows aliyoinunua kwa feza yake na kupewa fakturi, anyanyue mkono.

(Tulihesabu: mkono mmoja, wa papa mmoja nyuma. Alikuwa anauliza kama kutakuwa maji ya kunywa.)

Sasa, mwenye kutumia Windows ya krak? Eeh! Asanteni kwa ukweli. Hatuko polisi. Na sisi tunaosimama hapa mbele tumenyanyua mikono miwili miwili, juu tuliishi na krak miaka yote ya chuo.

Na si kwa sababu Wakongomani ni wezi. Huko Marekani leseni ya Windows 11 ya nyumbani inauzwa dola 139. Mwanafunzi wa Katuba anayenunua mashini ya okazi dola 120 hawezi kulipa roho bei kubwa kuliko mwili. Basi anaenda kwa kijana wa kona, kijana anachomeka flashi, dakika arobaini mambo yameisha. Baada ya wiki tatu inatokea pale chini upande wa kuume ile barua ya kijivu: « Activer Windows ». Haisumbui sana. Inasimama tu pale, kama mwenye nyumba aliyekuja tarehe moja, ukamwambia « papa, kesho », akasema « haina neno », lakini akabaki amekaa kwenye kiti cha mlangoni.

Shida ya krak si hiyo barua. Shida ni sentensi ya kwanza ya maelezo yake. Mnaijua kwa kichwa: « Kabla ya kufungua, zima antivirusi. » Fikirini kidogo. Mtu usiyemjua, hujui anaishi wapi, anakuambia: zima taa, fungua mlango, halafu enda kulala. Na sisi wenye akili, wenye diploma ukutani, tunasema: ndiyo, mukubwa.

Tunacheka, lakini kuna mwenzetu mmoja hapa kati yetu ambaye hakucheka. Siku mbili kabla ya kupeleka memwari yake, alifungua mashini akakuta faili zote zimebadilisha majina. Hakuna hata moja iliyofunguka. Kulikuwa barua moja tu ya Kiingereza, yenye adabu sana, ikimwomba dola. Nakala yake ya pili ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa imechomekwa kwenye mashini ile ile. Alibaki na karatasi za zamani ambazo profesa alikuwa amezisahihisha kwa bik nyekundu. Akaandika upya kurasa zaidi ya themanini, akisoma katikati ya wekundu. Hakufika kwa wakati. Alitetea kikao kilichofuata, na akalipa tena. Mama yake aliuza mzigo wa pili wa makala ili alipe.

Ile siku njo ilituleta kwenye habari hii. Hatukuanza na siasa. Tulianza na hasira.

Huyu pengwini ni nani

Alama ya Linux ni pengwini. Tumekubali. Sisi mu zoo ya Lubumbashi hatujawahi kumwona, lakini hata kobalti hatuioni kwenye simu zetu, na bado iko ndani.

Hadithi yake ni fupi. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianzisha mradi wa GNU kwa sababu alichoka na programu ambazo mtu hawezi kuzifungua kuona zinavyofanya kazi. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, huko Finland, jina lake Linus Torvalds, miaka 21, akaandika kiini cha sistemi chumbani mwake. Akawaambia watu kwamba ni mchezo tu, kwamba haitakuwa kitu kikubwa. Miaka 21! Hapa kwetu mtoto wa miaka 21 akisema iko na mradi, baba mdogo anamwuliza kwanza kama ameoga.

Ule « mchezo » leo umefika wapi? Tangu Novemba 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote 500, zinatumia Linux. Na kama unasema « shiye hatuwezi, Linux ni ya wajuaji », ingiza mkono mfukoni. Simu yako ni Android? Kiini cha Android ni Linux. Umelala na pengwini miaka yote na hukujua.

Sasa, siri yake ni nini? Siri yake ni kwamba haina siri. Programu inaandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kusoma. Tuite maneno hayo kode. Tafadhali: kode, si kodi. Kodi unailipa na hujui imeenda wapi. Kode ya Linux haulipi na unaweza kuona imeenda wapi. Leseni yake, ile inayoitwa GPL, iliyoanza mwaka 1989, inakupa haki nne: kuitumia vile unataka, kuifungua na kuisoma, kuibadilisha, na kumgawia mwenzako, lakini naye umwachie haki zile zile.

Mfano wa kwetu ni sombe. Mama akikupikia sombe, ukauliza « mama, umetia nini? », anakuambia: mawese, kitunguu, karanga kidogo. Kesho unapika kwako, unaongeza samaki, jirani anaonja, anachukua dawa yake. Hakuna aliyeiba. Programu iliyofungwa ni restora inayokuuzia sombe ndani ya sahani yenye kufuli: usiulize kama kuna karanga, usiongeze chumvi, na mtoto wa jirani akionja unaenda polisi. Chakula chaweza kuwa kitamu kabisa. Lakini hii ni sombe gani?

Habari ya okapi

Tuko na malalamiko moja rasmi, na tunataka yaandikwe.

Ile Linux inayojulikana zaidi inaitwa Ubuntu. Ni jina la kwetu, la Waafrika wa kusini: utu, ile bumuntu ambayo wazee wa Kiluba wanaifundisha. Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2002 alipanda hata kwenye anga za juu. Ubuntu ya kwanza ilitoka tarehe 20 Oktoba 2004, na kwa miaka mingi, mpaka 2011, walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, popote duniani.

Kila miezi sita inatoka toleo jipya, na kila toleo linapewa jina la mnyama, kwa kufuata herufi. Ya kwanza ilikuwa ngiri mwenye chunjua. Mwaka 2012 walimchukua kakakuona, tukafurahi. Mwaka 2017 walimchukua muhanga, tukafurahi tena. Lakini herufi O? Herufi O imepita mara mbili. Mwaka 2011 walichagua ocelot, paka wa msituni wa Amerika. Mwaka 2024 walichagua oriole, ndege. Ndege! Na okapi, mnyama ambaye msituni anapatikana Congo peke yake, dunia nzima hakuna pengine, okapi amekaa Ituri anangoja kama mwenye diploma anayengoja jibu la kazi.

Tumepiga hesabu: kama mpango haubadiliki, O itarudi Oktoba 2037. Memo tunaanza kuiandika leo. Mu Congo memo inahitaji muda.

Kila sistemi na tabia yake

Watu wanatuuliza: « Linux ziko nyingi, nichukue gani? » Haya ni mawazo yetu, hakuna haja ya kutupigia simu usiku.

Ubuntu ni bisi ya kwenda mjini. Kila mtu anapanda, dereva anajua njia, mara nyingine anasimama mahali hukumwomba.

Linux Mint ni mama mkubwa. Unafika umechoka, anakupa bukari bila maswali. Kwa mashini ya okazi yenye RAM ya giga 2 ao 4, ile ya Xfce njo tunawapa watu wengi. Sura yake inafanana na Windows ya zamani. Bibi wa mmoja wetu anaitumia na hajui kwamba alihama.

Debian ni papa wa pensheni mwenye koti na tai. Alizaliwa mwaka 1993, hapendi haraka, hapendi mitindo, lakini akisema nitafika saa mbili, saa mbili iko mlangoni.

Arch ni sapere. Viatu vyake alivichagua kimoja kimoja, na ndani ya dakika mbili utajua alivinunua wapi, hata kama haukuuliza.

Gentoo ni mtu anayelima mahindi yake, anayasaga mwenyewe, ndipo anapika bukari. Bukari ni nzuri. Lakini tulikula saa sita, yeye atakula kesho.

Na Kali? Kali ni chombo cha kazi, cha watu wanaopima usalama. Lakini mu kartie zetu, kijana akiiweka tu, picha ya kofia nyeusi kwenye profaili, kesho yake jirani anakuja: « Yaya, nifungulie Facebook ya mutu wangu wa zamani. » Wandugu, jibu ni hapana. Harakati yetu inalinda siri za watu, haizivunji. Hata siri za mutu wako wa zamani.

Wanaogombana juu ya vitu vidogo, na kitu kimoja walitufundisha

Tunasoma habari za teknolojia kwa mega zetu kidogo, usiku, saa ambazo forfe ni nafuu. Wale watu wa Linux wanapenda kugombana! Wanagombana miaka na miaka juu ya programu gani ni bora kuandikia kode, Vim ao Emacs. Wanagombana kama mstari uanze na tab ao na nafasi nne. Habari moja ya kifungo kilichohamishwa kutoka kushoto kwenda kuume inapata maneno mia nne ya chini, na watatu wanatangaza kwamba wanaondoka milele. Sisi tunasoma yote na mshumaa pembeni, tunasema: hawa watu wangepewa delestaji wiki moja tu, kifungo wangekipenda popote kilipo.

Lakini kuna kitu. Ukienda pale ukasema « haitembei », hakuna anayekuuliza baba yako ni nani, kabila gani, umetumwa na mukubwa gani. Wanakuuliza swali moja: onyesha logi. Yaani onyesha ile karatasi ambayo mashini iliandika wakati kosa lilitokea. Profesa akikosea, mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kumjibu, mradi anaonyesha. Linus mwenyewe anajulikana kwa kuwaambia watu waache maneno waonyeshe kode.

Tunatamani siku moja mkutano wa kartie uende hivyo. Mtu anasema « barabara ilitengenezwa ». Sawa, papa. Onyesha logi.

Na wako na jambo lingine: kugawanyika bila vita. Kama kiongozi wa mradi anaharibu, mnachukua kode, mnatoka, mnaendelea. Mwaka 2010 njo ilifanyika: watu waliokuwa kwenye OpenOffice hawakupenda upepo baada ya Oracle kununua kampuni iliyokuwa inashikilia mradi, wakatoka, wakazaa LibreOffice, na leo LibreOffice njo tunaandikia. Mtasema: hata vyama vyetu vya siasa vinagawanyika kila mwaka! Kweli. Tofauti ni kwamba wale wakigawanyika kila upande unabaki na kode yote. Sisi tukigawanyika, tunapigania muhuri.

Debian, yule papa wa pensheni, anachagua kiongozi wake kwa kura kila mwaka. Kila mwaka, na watu wametawanyika dunia nzima. Hatutaongeza neno.

Ukweli wote, juu hatuuzi dawa ya miti

Tungekuwa waongo kama tungesema Linux haina shida. Printa fulani zitakukatalia kama mama mkwe. Kadi ya Wi-Fi ya mashini nyingine inahitaji faili ya ziada, na ili upate ile faili unahitaji Wi-Fi. Hapo unaelewa maana ya kulia. Kama kazi yako ni AutoCAD ya michoro, ao programu ya hesabu ambayo ofisi yako inalazimisha, baki na Windows, ao weka zote mbili kwenye mashini moja. Hatutakuita msaliti.

Na mega! Faili ya kuweka Ubuntu ni zaidi ya giga 5. Kwa bei ya forfe zetu, hiyo ni chakula. Dawa yake ni ya kwetu: mmoja anashusha usiku, anaweka kwenye flashi, flashi inatembea Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba mpaka Annexe. Na hapa njo uzuri: hii si wizi. Leseni inakuruhusu. Kwa mara ya kwanza kijana wa kona anaweza kugawa sistemi mchana, mlango wazi, bila kuangalia nyuma. Artikile 15 tuliyozoea ilikuwa kujisaidia kwa kujificha. Hii ni Artikile 15 yenye karatasi.

Kitu cha kwanza cha kuogopa ni saa. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaomba chipi ya usalama, TPM 2.0, ambayo mashini nyingi za okazi hazina. Maana yake, mashini nzuri, kavu, zenye batri inayoshika, zitaambiwa zimekuwa takataka. Na tujiulize, batri zile zinatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Congo, na sehemu kubwa ni udongo huu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Wadogo zetu wanachimba, kobalti inaenda mbali, inarudi ndani ya mashini ya okazi, halafu mashini inaambiwa ife kabla ya wakati, ili tuchimbe nyingine. Ukiiwekea Linux, mashini ile inaishi miaka mingine mitano. Ni jibu dogo, lakini linaanzia mezani kwako.

RAM mbili

Wakati tunafundisha watu, tukisema « mashini yako iko na RAM ngapi? », watu wazima wanashtuka. Wanashika simu kwa nguvu. Mnajua kwa nini! Mwaka 2020 serikali ilileta RAM yake, rejista ya simu, na unite zetu zikaanza kupungua wenyewe. Unaweka unite, unageuka kusalimia mtu, unarudi, zimekatwa. Watu walipiga kelele, vijana wa harakati mbalimbali waliingia barabarani, bunge likaongea, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Kwa hiyo muandike vizuri: RAM ya mashini ikiwa nyingi, mambo yanatembea haraka. RAM ile ingine ikiwa nyingi, unatembea kwa miguu.

Tunacheka, lakini kuna somo. Ile RAM haikuondolewa kwa sababu mtu aliona huruma. Iliondolewa kwa sababu watu walisoma mesaji, wakahesabu, wakaonyesha. Waliomba logi.

Mlango wazi

Hapa njo tunafika kwa kile kilichotuleta.

Tarehe 30 Desemba 2018 tulichagua kwa mashini. Kwa Kifaransa waliita « machine à voter ». Herufi moja tu ikabadilika midomoni mwa watu, ikawa « machine à voler », mashini ya kuiba. Mashini zile zilirudi tena kwenye uchaguzi wa Desemba 2023. Leo hatusemi nani aliiba na nani hakuiba. Tunauliza swali la mtu wa Linux: ni nani kati yetu, raia, alifungua kode yake akaisoma? Bila jibu la wazi, anayeshinda hawezi kuaminiwa na anayeshindwa hawezi kunyamaza.

Tena kesho yake, 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilikatika karibu wiki tatu. Wengine wetu hapa tulijifunza wakati ule kwamba maarifa yote yakiwa « huko juu », siku moja mtu anakunja waya na unabaki mjinga. Tangu hapo tunaweka Wikipedia ndani ya mashini kwa Kiwix, programu nyingine ya wazi, inayosomwa bila mega hata moja. Wakikata tena, angalau watoto watafanya devwari.

Na mikataba ya migodi? Tangu amri ya Mei 2011, mikataba ya mali ya asili inatakiwa kutangazwa ndani ya siku 60. Hiyo amri ni kama leseni ya GPL ya udongo wetu: kila raia ana haki ya kufungua na kusoma. Lakini haki ya kusoma bila wasomaji ni mlango wazi wa nyumba tupu. Sisi wenye diploma bila kazi tunasemaka hatuna la kufanya. Liko: tusome.

Tusijidanganye. Kode wazi peke yake haizuii wizi. Mwizi naye anajua kusoma. Kwenye uchaguzi, kabla ya kode, kuna ile karatasi ya matokeo inayobandikwa mlangoni mwa kila ofisi ya kura. Ipigwe picha, ihesabiwe, ihifadhiwe. Mwaka 2008 vijana wa Kenya, baada ya vurugu za uchaguzi, waliunda programu ya wazi ya kukusanya ripoti za watu kwa simu na kuziweka kwenye ramani. Waliiita kwa neno letu, la Kiswahili: Ushahidi. Nchi nyingine nyingi zimeitumia tangu hapo. Hawakungoja Ulaya.

Neno moja juu ya Kiswahili

Mwaka 2004, kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa mradi wa Kilinux walichukua OpenOffice wakaifasiri kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu kode ilikuwa wazi. Hakuna waliyempigia magoti.

Tumewahi kuweka programu za Kiswahili hapa. Dada mmoja akasoma « hariri », akauliza kama ni kitambaa. Akasoma « tarakilishi », akasema huo ni ugonjwa wa mifupa. Kiswahili cha bandugu wa pwani ni kizuri, kinavaa tai. Chetu kinavaa pantalo iliyokunjwa. Lakini kode iko wazi kwa wote wawili. Kama tunataka mashini ituambie « kuran inaisha, chomeka mbio », hakuna anayetukataza. Ni sisi kukaa chini na kuandika.

Tunachoomba

Vitu vitatu tu.

Kwanza, kwa kila mmoja: nakala mbili za kazi yako, mahali pawili, na flashi isilale mashinini. Hata kama hutaki kusikia Linux maisha yako yote, hili lishike. Linaumiza mama zetu.

Pili, kwa shule, vyuo na ofisi za mji: kabla ya kununua leseni kwa feza ya watu, ao kabla ya kuweka krak kwa aibu, mujaribu LibreOffice na Linux kwenye chumba kimoja. Chumba kimoja. Tutakuja kuweka bure, mutupatie tu kuran. (Mnaona? Tulisema tutafika kwa kuran.)

Tatu, kwa wakubwa wanaotayarisha uchaguzi ujao: kama mashini itarudi, kode yake iwekwe wazi mapema, watu wa vyuo vyetu waisome, vyama viisome, na sisi pia tuisome. Aliyeficha mapishi hawezi kukasirika tukiogopa sombe yake.

Jumamosi ijayo tunaweka Linux kwa yeyote anayetaka. Leta mashini, chaja, na flashi ya giga 8. Hifadhi kazi zako kabla ya kuja. Usilete Facebook ya mutu wako wa zamani.

Yule mwenzetu wa memwari njo atakuwa mbele kufundisha. Leo mashini yake ni ile ile. Sistemi njo ilibadilika, na nakala zake ziko tatu.

Na maji ya kunywa, papa, yako pale nyuma.